Utumwa kazini: kampuni zibanwe kwa sheria au ziachwe zijirekebishe?

Ukitaja utumwa mamboleo watu wengi wanawaza mtu kafungwa minyororo, ila mara nyingi ni mtu mwenye mkataba kabisa, anaingia getini asubuhi na wenzake, shida ni kwamba hawezi kuacha kazi. Pasipoti anayo bosi, au mshahara wa miezi kadhaa haujalipwa na akiondoka ndo basi tena, au anadaiwa hela ya ajenti aliyempeleka kazini. Shirika la Kazi Duniani, ILO, na wenzao walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa kwenye kazi za shuruti, na wengi wao wako sekta binafsi, yaani viwandani, mashambani, kwenye ujenzi, kwenye meli za uvuvi, majumbani kwa watu.

Sasa je, kampuni kubwa inayonunua mzigo ibebe lawama ya kinachotokea kwa sapulaya (anayeiuzia mzigo) wa sapulaya wake?

Kampuni zinasema haiwezekani, na kuna mahali wana hoja. Chukua shati tu: pamba inatoka kwa mkulima inaenda kuchambuliwa, inasokotwa uzi, inafumwa kitambaa, inatiwa rangi, ndo inafika kwa mshonaji, na kule kwenye kusokota pamba za mashamba kibao zinachanganywa pamoja, hivyo anayeuza shati mara nyingi anamjua mshonaji na wengine wote hawajui. Halafu wanasema mkitubana sana tutahama, na mfanyakazi mnayemtetea atakosa hata hicho kidogo. Hii ya pili siichukulii poa, imeshatokea mara nyingi kampuni inasikia skendo, inakata oda wiki hiyo hiyo, jina lake linabaki safi na watu wanabaki na madeni yao bila kazi.

Ila njia ya upole nayo imeshajaribiwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2015, kampuni yenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka itoe tamko la hatua ilizochukua, bodi ipitishe, mkurugenzi asaini. Tatizo sheria hiyo hiyo inaruhusu kampuni iandike kwamba haikuchukua hatua yoyote, na hapo imetimiza wajibu. Ndo maana matamko mengi yamejaa maneno ya jumla tu, tunalaani, tunathamini, tumejizatiti.

Na odit, yaani mkaguzi kwenda kiwandani kuangalia hali ya wafanyakazi? Mwaka 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kule Karachi kiliungua, wakafa zaidi ya watu 250, na wiki chache tu kabla ya moto kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi. Odit ya siku moja au mbili, tarehe inajulikana mapema, mara nyingi anayelipia ni kiwanda chenyewe, mfanyakazi anahojiwa huku meneja yuko mlangoni, unategemea aseme nini? Tena deni la ajenti halitaonekana kwenye karatasi za mishahara hata ukague mwezi mzima, kwa sababu lilianzia nchi alikotoka kabla hajaanza kazi.

Marekani wao wanazuia bandarini mzigo unaoshukiwa kutokana na kazi ya shuruti. Mwaka 2020 walianza kuzuia glavu za Top Glove ya Malaysia, na mwaka 2021 zuio likaondolewa baada ya kampuni kuwalipa wafanyakazi fidia ya zaidi ya dola milioni 30, hasa zile ada walizolipa kupata kazi. Hiyo ni hela imemfikia mtu mkononi, sijui tamko gani limewahi kufanya hivyo. Kwa hiyo mimi niko upande wa sheria yenye meno, ila kwa sharti kwamba mnunuzi naye abebe gharama, kwa sababu kampuni ikiogopa sheria kitu cha kwanza inafanya ni kumsukumia sapulaya mkataba unaosema athibitishe hana kazi ya shuruti, gharama zote juu yake, na bei ile ile.

Bei ndo penyewe hapa. Idara ya maadili ya kampuni inayonunua inamtumia sapulaya kitabu cha kanuni, idara ya manunuzi inamwambia shusha bei, harakisha oda, malipo utasubiri miezi, na bonasi ya mfanyakazi wa manunuzi inapimwa kwa hela alizookoa. Sapulaya aliyebanwa hivyo anatafuta vibarua kupitia ajenti asiyeuliza maswali au anapeleka oda kimya kimya kwenye kiwanda kingine, na huko ndo mambo yanaharibika.

Kule Florida, Marekani, wavuna nyanya wa mji wa Immokalee walilishika hili vizuri. Mashamba yale yalishakuwa na kesi za utumwa mahakamani, miaka ya 1990 na 2000 tu, sio zamani. Wanunuzi wakubwa wakasaini mkataba wa kisheria, wanaongeza senti moja kwa kila ratili ya nyanya, na hiyo inaenda kwa mvunaji, shamba likikiuka wanaacha kununua hapo, na wafanyakazi wenyewe wanafundishana haki na wana namba ya kulalamika saa yoyote. Najua nyanya inapita mikono michache kutoka shambani hadi dukani, kobalti (madini ya kutengenezea betri) au pamba ni shughuli nyingine, ila ada za ajenti kulipwa na mwajiri na bei inayotosha kulipa watu vinawezekana popote.

Kinachonipa wasiwasi ni jinsi sheria mpya zitakavyomchukulia anayesema ukweli. Umoja wa Ulaya utaanza kuzuia bidhaa za kazi ya shuruti Desemba 2027. Kampuni ikichimba ikakuta watu wanadaiwa, ikasema wazi na kuanza kuwarudishia, haifai ipate kichapo sawa na iliyoandika haijakuta kitu kwa sababu haikutafuta, maana hapo mwanasheria yeyote atamshauri bosi wake asitafute.