Sato wa kukua haraka: tuanze na vinasaba au mizani?

Kilio cha wafugaji wa sato kwenye vizimba na mabwawa ya ukanda wa Ziwa Victoria kinajulikana: vifaranga wanadumaa, chakula kinakwisha. Ndiyo maana wazo la kuchagua samaki wazazi kwa vinasaba linavutia. Mtaalamu anakata kipande kidogo cha pezi, anasoma alama (tofauti ndogo za vinasaba) kwenye jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyote vya samaki, kisha anakadiria watoto wa samaki huyo watakuaje.

Wanaolitetea wana ushahidi mzito, ila mwingi unatoka kwenye magonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Norwe na Uskoti waligundua kwa samaki aina ya samoni eneo moja la jenomu linaloamua kwa kiasi kikubwa nani atakufa kwa ugonjwa wa virusi wa IPN. Wazalishaji wakachagua wazazi kwa alama hiyo, na milipuko ikapungua sana.

Ukuaji hauna njia fupi kama hiyo. Unatawaliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na alama iliyofaa kwenye ukoo mmoja mara nyingi haifai kwenye mwingine. Isitoshe, uzito wa samaki unaupima akiwa hai. Uwezo wake wa kuhimili virusi huujui mpaka yeye au ndugu zake waambukizwe. Hapo ndipo alama zinapolipa gharama yake.

Tazama sato wa GIFT, yaani sato walioboreshwa kwa uchaguzi wa wazazi (kifupi cha Kiingereza cha Genetically Improved Farmed Tilapia). Mradi huo ulianza Ufilipino mwaka 1988, ukakusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Senegal na Kenya na kuwachanganya na koo nne zilizokuwa zikifugwa Asia. Kwa mizani, vitambulisho vya kila samaki na kumbukumbu za koo, ukuaji uliongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 15 kila kizazi. Uchaguzi huo haukuhitaji alama za vinasaba.

Hata hivyo, mizani peke yake ina mtego, na huu naona hausemwi vya kutosha. Ukivua samaki wakubwa kuliko wote katika bwawa moja ili wawe wazazi, huenda umevua ndugu. Ukirudia hivyo vizazi kadhaa, ndugu wanazaliana wao kwa wao na unazaa udumavu uleule uliokuwa ukiukimbia. Alama chache za vinasaba zinatosha kuonyesha undugu, hata kama vifaranga wa koo zote wamelelewa pamoja.

Zinaonyesha pia spishi. Tanzania ina perege wa asili, jamaa wa karibu wa sato, kama Oreochromis urolepis, Oreochromis korogwe na Oreochromis jipe, na tayari baadhi yao wamezaliana na sato walioletwa kutoka kwingine. Kituo kinachouza vifaranga bila kujua wazazi wake ni spishi gani hakina msingi wa kuahidi ukuaji wowote.

Kwa hiyo fedha za umma ningeziweka kwanza kwenye mizani, vitambulisho na watu wa kutunza kumbukumbu katika vituo vya serikali vya ufugaji wa samaki kama Sagana, Kenya, kisha kwenye vipimo vya undugu na spishi. Alama za ukuaji zisubiri mpaka kumbukumbu hizo ziwepo, kwa sababu bila uzito na ukoo ulioandikwa, maabara haina cha kulinganisha na kile inachokisoma.