Chemba za Tanga: Tuzibue au Tufukue?

Masika yakishika na chemba zikaanza kutapika barabarani, hoja mjini Tanga huwa mbili. Wapo wanaosema mabomba ya majitaka yamechakaa, yafukuliwe, yawekwe mapya. Wengine wanasema bomba halina kosa, wakosaji ni sisi tunaotumbukiza pampasi, matambara na mafuta ya kukaangia. Pande zote zina ukweli. Ninachoogopa ni kuanza na kazi ya gharama kubwa huku chanzo kikuu cha mafuriko kimeachwa palepale.

Hoja ya kufukua ina nguvu. Gesi ya uchafu ikikaa ndani ya bomba la zege hugeuka asidi na kula sehemu ya juu. Bomba likimeguka mchanga huingia, na hapo ukizibua leo, baada ya muda mfupi limeziba tena. Hata hoja kwamba pesa hakuna imepungua makali. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya hapa, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ilitafuta shilingi bilioni 53.12 na ikapata zaidi. Fedha zile ni za majisafi, nami naziunga mkono. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa machafu. Tukiongeza majisafi bila kujali yanakokwenda yakishachafuka, tunajitafutia balaa.

Tatizo ni nani alipe. Majisafi yana mita na wateja wengi, majitaka wateja wake ni wachache. Mkazi wa Makorora mwenye choo cha shimo akipandishiwa bili kwa ajili ya bomba lisilofika kwake, hilo ni dhuluma. Kero yake yeye ni jirani anayesubiri mvua kubwa atapishe choo mtaroni, na bomba jipya la katikati ya mji halimwondolei kero hiyo.

Sasa tazama ua uliosakafiwa wa nyumba yenye chemba. Gata inashuka kutoka kwenye bati, inapita ukutani, inaingia moja kwa moja kwenye chemba. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 30 linatoa lita 3,000, tena ndani ya saa chache. Bomba lile lilipimwa kwa maji ya choo, bafu na jiko. Zidisha kwa mtaa mzima, kisha mvua hiyo ikutane na bamvua, bahari imejaa na mji wenyewe tambarare. Hata bomba jipya litafurika.

Adhabu kwa wenye gata? Ndiyo, ila pale tu penye mtaro. Mtu asiye na mtaro mbele ya nyumba anaelekeza maji wapi? Mitaro ya barabara za mitaa iko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, takataka zinazoiziba ziko kwa Halmashauri ya Jiji, majitaka yako kwa mamlaka ya maji. Kumtoza faini mwananchi kabla hao watatu hawajapanga ratiba moja ya kabla ya masika ni kumwonea.

Kwa hiyo naanza na kuzibua: mitaro isafishwe, gata zitolewe kwenye chemba, bomba kuu lisafishwe mapema. Najua hatari yake. Viraka vina tabia ya kugeuka sera, na miaka ikapita bila bomba hata moja kubadilishwa. Ndiyo maana kila chemba inayofurika inapaswa kuandikwa: mtaa, tarehe, ilizibuliwa lini. Ile inayofurika tena baada ya kusafishwa na kuondolewa maji ya mvua, bomba lake ndilo bovu, lifukuliwe kwanza.

EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha taftishi, yaani mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi, kabla ya bei mpya za maji kupitishwa. Wakazi wa Tanga wakiitwa tena, waiombe mamlaka ya maji orodha hiyo, mtaa kwa mtaa, kabla ya kusema lolote kuhusu bei.