Watetezi wa kutoa mimba, mnaongea na nani?

Niseme msimamo wangu mapema ndio nisisomwe vibaya: mimi naunga mkono mwanamke apate huduma salama ya kutoa mimba Kenya hii, na kinachonikera siku hizi si wale wanaopinga, hao nimewazoea, ni hawa wa upande wangu na vile wanaongea. Wale wa kanisa wakisimama wanasema mtoto, wanasema uhai, wanasema mauaji, na hata nyanya yangu kule nyumbani anaelewa wanapinga nini. Sisi tukipewa maiki tunaanza "huduma jumuishi za afya ya uzazi" na "kuimarisha uhuru wa maamuzi ya kimwili", yaani lugha ya kuombea wafadhili pesa, na unaweza kukaa kwa semina kutoka chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana na husikii mtu akitamka kutoa mimba.

Afu kuna ile ya mabango, mwili wangu uamuzi wangu. Kama kauli sina shida nayo, nimeishika hilo bango mwenyewe, ila ilikuja na ndege kutoka Marekani ambako kesi ya Roe ya 1973, ile iliyofanya kutoa mimba kuwa haki huko, ilisimama juu ya faragha ya mtu, serikali isiingilie, na hata huko kwenyewe Mahakama ya Juu iliitupa Juni 2022. Yetu haikujengwa hivyo. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema waziwazi uhai unaanza mimba inapotungwa, halafu 26(4) kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Uamuzi wangu hauko hapo hata utafute na tochi. Kuna afya, na kuna mtaalamu. Unaweza kukichukia hicho kifungu, wanawake wengi ninaowaheshimu wanakichukia manake kinampa mtu mwingine neno la mwisho juu ya tumbo lako, lakini ndicho tuko nacho, na kwa kura ya maoni ya Agosti 2010 viongozi wa makanisa walizunguka nchi wakikipigia kampeni ya hapana, kwa sababu waliona mlango uliobaki wazi ni mpana kuliko vile sisi wenyewe tunauona.

Na ni mpana kweli. Sheria ya Afya ya 2017 inasema afya ni hali kamili ya mwili, akili na maisha ya mtu kwa jamii, si kutougua tu, na ikihesabu mtaalamu ni nani inataja muuguzi, mkunga na klinikali ofisa, si daktari peke yake. Hayo yote yako kwa maandishi. Lini umeona bango limeandikwa hivyo?

Badala yake tukiona uamuzi wangu haiuzi tunahamia kwa huruma. Tunamtafuta binti aliyebakwa. Na yuko kweli, kesi yake ndiyo kubwa zaidi tuliyo nayo, alibakwa akiwa bado mwanafunzi, mimba akatolewa na mtu asiyefunzwa mwishoni mwa 2014, figo zikaharibika, akazungushwa hospitali moja hadi nyingine na 2018 akafa, na Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakasema mimba ya kubakwa inaweza kutolewa kama mtaalamu ataona inahatarisha maisha au afya ya mama. Mama yake alipewa fidia ya shilingi milioni 3. Sawa, kesi ilistahili. Lakini tangu hapo kila tukiongea ni kama mwanamke lazima kwanza awe mtoto, awe amebakwa, na ikiwezekana awe amekufa ndio tumtetee. Sasa yule mama wa watoto watano ambaye presha ilimpanda vibaya mimba iliyopita karibu imuue, hakubakwa na yeyote, mume wake ndio huyo ameketi nje kwa benchi na mfuko wa uji, huyo tunamweka wapi? 26(4) haiulizi mimba ilipatikana vipi. Haiulizi kama unastahili kuhurumiwa, hiyo ni sisi tumeongeza.

Na hii kuzungukazunguka ina gharama wodini. Utafiti wa Wizara ya Afya na APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu Afrika, ulikadiria kwamba 2012 mimba 464,690 zilitolewa hapa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa matatizo yaliyofuata. Unafikiri wakifika kasualti wanasema nini? Imetoka yenyewe. Nimewahi kuketi hapo nikisindikiza mtu wangu wa karibu, hospitali siitaji, na nikasikia jibu ni hilo hilo kitanda baada ya kitanda, muuguzi anajua, mgonjwa anajua kwamba muuguzi anajua, na hakuna anayeuliza ulikunywa nini, nani alikupatia, lini, manake Kanuni ya Adhabu bado iko, kifungu cha 158 miaka 14 kwa anayekutoa mimba, cha 159 miaka 7 kwa wewe mwenyewe, na polisi wakati mwingine hawako mbali na geti.

Muuguzi naye anaogopa kivyake. Mwongozo wa wizara wa 2012, uliomweleza nini kinaruhusiwa na nini hapana, uliondolewa Desemba 2013, halafu Februari 2014 wizara ikatoa barua ya kuonya wahudumu wasihudhurie mafunzo ya kutoa mimba kwa njia salama. Majaji wa 2019 walisema kuuondoa ule mwongozo ilikuwa kinyume cha sheria, lakini hukumu ni kurasa nyingi za Kizungu cha mawakili na hakuna mtu hubandika hukumu kwa ukuta wa wodi. Barua hubandikwa. Mimi ningepewa hizo pesa za mabango na fulana ningezitumia kuhangaisha wizara mpaka itoe barua nyingine, fupi, kwa Kiswahili, imetiwa sahihi na muhuri, imwambie yule dada wa zamu ya usiku kwamba 26(4) inamruhusu kufanya nini na mgonjwa aliye mbele yake.