Dnipro: klabu iliyolelewa na kiwanda cha makombora

Tarehe 27 Mei 2015, mjini Warsaw, klabu ya Dnipro ya Ukraine ilicheza fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Sevilla na kufungwa mabao 3 kwa 2. Nikola Kalinić aliitanguliza kwa kichwa katika dakika ya saba, Sevilla wakageuza matokeo, Ruslan Rotan akasawazisha kwa mpira wa adhabu kabla ya mapumziko, kisha Carlos Bacca akafunga bao la ushindi katika dakika ya 73. Mwaka mmoja baadaye klabu hiyo ilikuwa imefungiwa kushiriki mashindano ya Ulaya, miaka miwili baadaye ilikuwa katika daraja la tatu, na kufikia mwaka 2019 haikuwepo tena.

Wanaojaribu kueleza anguko hilo wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba Dnipro ilikufa kwa sababu ilitengwa na kiwanda kilichoilea na kukabidhiwa kwa tajiri mmoja. Wengine wanasema kwamba maradhi yalikuwamo tangu enzi za kiwanda, na kwamba tajiri huyo aliyarithi tu. Kila upande una ushahidi mzito, na ushahidi wenyewe umo katika historia ya klabu.

Chimbuko lake ni kiwanda cha chuma kilichojulikana kwa jina la Bryansk, katika mji ambao wakati huo uliitwa Katerynoslav. Klabu ilihesabu umri wake kuanzia mwaka 1918, pale timu ya wafanyakazi iliyoitwa BRIT ilipoundwa. Wengine hupendelea kuanza na mwaka 1925, timu ilipoitwa Petrovets. Jina hilo la pili lilitokana na Hryhorii Petrovsky, mwanamapinduzi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hichohicho, ambaye baadaye kiwanda na hata mji wenyewe vilipewa jina lake: kuanzia mwaka 1926 mji ukawa Dnipropetrovsk, na ukabaki hivyo hadi mwaka 2016 ulipofupishwa kuwa Dnipro. Timu nayo ilibadilishwa majina, ikawa Stal na baadaye Metallurg, kwa miongo kadhaa ya soka ya kawaida ya madaraja ya chini.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1961, timu ilipohamishiwa chini ya kiwanda kingine cha mji huohuo na kuitwa Dnipro. Kiwanda hicho ni Yuzhmash. Kilianzishwa mwaka 1944 kama kiwanda cha magari, lakini tangu mwaka 1951 kilikuwa kimegeuzwa kuwa kiwanda cha makombora ya kivita, na kikawa nguzo mojawapo ya nguvu za nyuklia za Umoja wa Kisovieti. Fedha zake hazikutegemea soko wala bajeti ya mkoa. Mkurugenzi aliyekikalia kwa robo karne tangu mwaka huo wa 1961, Oleksandr Makarov, alikuwa mtu ambaye simu yake ilipokelewa Moscow.

Kwa kuwa sheria za Kisovieti zilikataa kuwepo kwa wachezaji wa kulipwa, mwanasoka aliandikishwa kama mfanyakazi au mkufunzi wa michezo, akapokea mshahara wa kiwanda, na jambo lililokuwa na thamani zaidi kuliko mshahara, akapata nyumba bila kusubiri foleni ya miaka. Kiwanda kilijenga uwanja wa Meteor, uliofunguliwa mwaka 1966, na vijana wa mji wakapata kituo cha Dnipro-75 ambamo Oleh Protasov na Hennadiy Lytovchenko walikulia. Kiwanda pia kilithubutu kumwamini kocha ambaye hakuwa na jina. Valeriy Lobanovskyi alikabidhiwa timu akiwa na umri wa takriban miaka 30, akaipandisha daraja la juu kwa msimu wa 1972, kisha akaondoka kwenda Dynamo Kyiv alikojijengea sifa iliyoenea Ulaya nzima.

Matunda makubwa yalivunwa mwaka 1983. Wakiongozwa na Volodymyr Yemets na Hennadiy Zhyzda, makocha wawili waliotoka katika timu ndogo ya mji jirani wa Nikopol, Dnipro waliichapa Spartak Moscow mabao 4 kwa 2 uwanjani Meteor na kutwaa ubingwa wa Umoja wa Kisovieti.

Ushindi wa pili una uzito zaidi katika hoja hii, kwa sababu unaonyesha kilichokuwa nyuma ya wachezaji. Kabla ya msimu wa 1988, Protasov, ambaye mwaka 1985 alifunga mabao 35 ya ligi na kuweka rekodi, alihamia Dynamo Kyiv pamoja na Lytovchenko. Aliyewapokea huko alikuwa Lobanovskyi yuleyule. Klabu nyingi za mikoani zingeyumba baada ya kunyang'anywa watu kama hao na timu ya mji mkuu wa jamhuri. Dnipro chini ya kocha Yevhen Kucherevskyi ilitwaa ubingwa mwaka huohuo na kuiacha Dynamo katika nafasi ya pili. Mwaka uliofuata ikachukua Kombe la Umoja wa Kisovieti. Wanaoutetea urithi wa kiwanda wana haki ya kusimama hapa na kuuliza swali ambalo wapinzani wao hulikwepa: tangu Ukraine ipate uhuru mwaka 1991, klabu hii ilishinda nini? Haikuwahi kutwaa ubingwa wa Ukraine, wala Kombe la Ukraine. Vikombe vyake vyote vikubwa vilipatikana chini ya kivuli cha Yuzhmash.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina pengo. Ligi iliyofuata uhuru ilitawaliwa na Dynamo Kyiv na baadaye Shakhtar Donetsk, zote mbili zikiwa na mitaji ambayo hakuna kiwanda cha umma kilichoweza kushindana nayo. Isitoshe, wanaokumbuka Meteor iliyofurika husahau gharama ambazo mji wote ulilipia. Kwa sababu ya makombora, Dnipropetrovsk ulifungwa kwa wageni kutoka nje ya nchi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1987. Bingwa wa Umoja wa Kisovieti aliposhiriki Kombe la Mabingwa wa Ulaya msimu wa 1984/85, hakuruhusiwa kuwakaribisha wapinzani nyumbani kwake. Trabzonspor, Levski Sofia na Bordeaux wote walipelekwa Kryvyi Rih, mji wa migodi ya chuma ulio umbali wa karibu kilomita 150. Dnipro ilifika robo fainali na kutolewa na Bordeaux kwa mikwaju ya penalti baada ya sare mbili za bao 1 kwa 1, na shabiki aliyefanya kazi Yuzhmash, ambaye kodi na jasho lake ndivyo vilivyoigharimia timu, alilazimika kusafiri mkoani ili kuitazama. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa klabu inayomilikiwa kwa jina la wafanyakazi huku wafanyakazi wenyewe wakiwa hawana kauli.

Jambo la pili ambalo wapinzani wa kumbukumbu hizo tamu husisitiza ni hesabu. Fedha za timu zilitoka katika mafungu ambayo hayakuchapishwa popote, yakiwa yamefunikwa na usiri wa kijeshi. Hakuna aliyejua mchezaji mmoja aligharimu kiasi gani, na kwa hiyo hakuna aliyejifunza kuendesha klabu kwa kipato chake yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Dnipro ilikuwa miongoni mwa klabu za kwanza za Kisovieti kujitangaza kuwa za kulipwa na kujitegemea kihesabu, hatua ya kijasiri iliyochukuliwa wakati kiwanda kikiongozwa na Leonid Kuchma, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Ukraine. Lakini kujitegemea huko kulianza huku mfadhili akiwa bado amesimama pembeni. Alipoondoka, hapakuwa na msingi.

Aliondoka kwa kishindo. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, oda za makombora zilikauka, na Yuzhmash ikaegemea utengenezaji wa matrekta na mabasi ya umeme ili kujikimu. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1990 klabu ilikuwa mikononi mwa kundi la kibiashara la Privat, na uso wake ulikuwa Ihor Kolomoisky, yule tajiri niliyemtaja mwanzoni. Mwaka 2008 timu ilihama Meteor, uliobaki mali ya kiwanda, ikaingia Dnipro Arena, uwanja mpya wenye viti takriban 31,000. Watetezi wa kiwanda huitaja hatua hiyo kama talaka. Kwangu ilikuwa karatasi ya talaka tu, kwa kuwa ndoa ilikuwa imekwisha miaka 15 nyuma.

Inafaa kuutazama kwa makini mwaka 2015, kwa maana unazikwaza hoja za pande zote mbili. Mwanzoni mwa mwaka huo, Yuzhmash, baada ya kupoteza oda za Urusi kutokana na vita vilivyoanza mwaka 2014, ilisimamisha uzalishaji, ikawapeleka wafanyakazi likizo bila malipo na kushindwa kuwalipa malimbikizo ya mishahara. Miezi michache baadaye timu iliyozaliwa nyumbani kwao iliitoa Napoli katika nusu fainali, kwa bao la Yevhen Seleznyov, ikicheza mechi zake za nyumbani Kyiv kwa sababu za kiusalama. Ni dhahiri kwamba kama klabu ingeendelea kutegemea kiwanda, isingefika Warsaw. Huenda isingeuona hata mwaka 2000. Kwa upande mwingine, timu ya kocha Myron Markevych ilikuwa ikipigania fainali huku madeni yakirundikana nyuma ya pazia. Kolomoisky alikuwa ameondoka katika wadhifa wa gavana wa mkoa mwezi Machi 2015, na hamu yake ya kulipia soka ilikuwa ikipungua.

Mwezi Machi 2016 Shirikisho la Soka la Ulaya, UEFA, liliifungia Dnipro kwa kukiuka kanuni za fedha. Yevhen Konoplyanka alikuwa ameshakwenda Sevilla kama mchezaji huru mara baada ya fainali, kwa hiyo nyota mkubwa wa klabu hakuacha hata senti. Makocha na wachezaji wa zamani waliodai malipo yao walikwenda FIFA. Alama zikakatwa mara kwa mara, na mwaka 2017 timu ikashushwa madaraja mawili kwa mkupuo. Mwezi Desemba 2016 serikali ilikuwa imeitaifisha PrivatBank, benki iliyokuwa mhimili wa kundi la Privat, baada ya kugundulika pengo la zaidi ya dola bilioni 5 katika mtaji wake. Hata hivyo haitakuwa sahihi kusema kwamba utaifishaji ndio ulioiua klabu, kwa sababu madeni na adhabu ya UEFA vilitangulia.

Dnipro haikuwa peke yake. Metalist Kharkiv, iliyoanzishwa mwaka 1925 katika kiwanda cha garimoshi ambacho baadaye kilibuni kifaru cha T-34, ilitwaa Kombe la Umoja wa Kisovieti mwaka 1988, ikapata mmiliki binafsi aliyeirudisha Ulaya, kisha ikauzwa mwaka 2012 kwa mfanyabiashara kijana, Serhiy Kurchenko, ambaye alikimbia nchi mwaka 2014. Miaka miwili baadaye klabu ilisambaratika. Zorya Luhansk, nayo ya kiwanda cha garimoshi, ilikuwa bingwa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1972 kwa msukumo mkubwa wa katibu wa chama wa mkoa, Volodymyr Shevchenko. Yeye alipong'olewa mwaka 1973 timu ikaanza kuporomoka, na mwaka 1979 ikashuka daraja. Kisa cha Zorya ni muhimu kwa sababu kinaonyesha kwamba hata enzi za Kisovieti, nyuma ya jina la kiwanda mara nyingi alikuwepo mtu mmoja mwenye mamlaka, na akiondoka yeye, kiwanda chenye maelfu ya wafanyakazi hakikutosha kuiokoa timu. Leo Zorya hiyohiyo, iliyopoteza mji wake mwaka 2014, ingali hai uhamishoni.

Kwa hiyo ninakubaliana zaidi na wale wanaosema maradhi yalikuwa ya zamani, lakini si kwa ukamilifu. Mkurugenzi wa Yuzhmash na mmiliki wa Privat waliendesha klabu kwa namna moja: pesa ilitoka mfukoni mwa mlipaji mmoja, kwa sababu zake, bila hesabu kuonekana. Tofauti yao ilikuwa juu ya nani angeweza kumwajibisha mlipaji. Juu ya mkurugenzi kulikuwa na wizara, chama na mji mzima ambao ungejua timu ikitupwa. Makarov hakuweza kuamka asubuhi moja na kuamua kwamba soka imemchosha. Mmiliki binafsi aliweza, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Hilo ndilo watetezi wa kiwanda wanalolihisi hata wanapolieleza kwa kutaja vikombe, na ni haki yao kulihisi. Wanachokosea ni kudhani kwamba kinga hiyo ilikuwa ya klabu, wakati ilikuwa ya dola ya Kisovieti, nayo dola hiyo ilipoondoka ikaondoka nayo.

Yaliyofuata mjini humo yanaelekea kuthibitisha hivyo. SC Dnipro-1, klabu mpya yenye asili katika kikosi cha kujitolea kilichopigana mashariki mwa nchi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kumaliza nafasi ya pili msimu wa 2022/23, vita vikiwa vimepamba moto. Haikuwa na kiwanda wala haikuwa na Kolomoisky wa zama zake za neema. Kabla ya msimu wa 2024/25 kuanza, ilijiondoa katika Ligi Kuu ikiwa imeelemewa kifedha.