Kopo la kunasa oili kwenye injini ya tabo: angalia mipira kwanza

Magari mengi ya tabo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada) yaliyofungwa kopo la kunasa oili, yaani kopo linalochuja oili kwenye gesi zinazotoka ndani ya injini, yana kopo zuri linalong'aa na mpira (hozi) mmoja tu wa kuingiza. Kwa maoni yangu, hiyo ni kazi nusu. Injini ya tabo inapumua kwa njia mbili, na anayefunga kopo bila kuzifuata zote mbili anatupa pesa.

Hata ringi za pistoni zikiwa mpya, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni, hushuka kwenye kranki (chumba cha chini cha injini) na kubeba mvuke wa oili. Ukiendesha taratibu, manifodi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) inanyonya, na gesi hizo hupita kwenye valvu ya PCV, ile ya kutolea gesi za kranki, kwenda huko. Ukikanyaga, tabo inaijaza manifodi presha, valvu hiyo inajifunga, na gesi zinatokea mpira wa pili, ule unaokwenda kwenye bomba la hewa kabla ya tabo. Na wakati huo ndipo zinapokuwa nyingi. Ukinasa upande wa PCV peke yake, intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye tabo) itaendelea kulowa oili. Ukinasa upande wa tabo peke yake, valvu za hewa zitaendelea kushika masizi, hasa kwenye injini ambazo nozeli zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, maana hakuna petroli inayopita kuziosha.

Kopo lenyewe lifungue kabla ya kulinunua. Likiwa tupu ndani, gesi itaingia na kutoka na oili yake. Linahitaji vizuizi au wavu wa kuifanya oili ijikusanye matone na kudondoka. Lifunge mbali na joto la tabo, kwa sababu kopo la moto halinasi vizuri.

Kinachoniumiza zaidi ni mipira. Mpira wa maji ya rejeta ukipitisha oili huvimba na kulainika, kisha manifodi ikinyonya unajibana. Mwembamba nao una balaa lake. Gesi zikibanwa, presha inapanda kwenye kranki, na oili inayotoka kwenye tabo, ambayo hurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa uzito wake tu, inashindwa kushuka. Inatafuta njia kwenye sili za tabo, gari linatoa moshi wa bluu, na mwenye gari anaambiwa tabo imekufa. Tabo nzima inang'olewa kwa kosa la mpira! Tumia mpira wa kuhimili oili, kipenyo kisipungue kile cha kiwandani, na usiukunje.

Kuliacha kopo lipumue nje sikubaliani nako kabisa kwa gari la barabarani. Harufu inaingia ndani ya gari, nchi nyingi zinakataza, na PCV ikibaki imeunganishwa, manifodi itavuta hewa ambayo sensa ya hewa haikuipima.

Halafu limwage. Wakati wa baridi utakuta uji mweupe kama chai ya maziwa: maji, petroli na oili pamoja. Usiurudishe kwenye injini. Lakini kopo likijaa oili tupu kwa haraka, acha kutafuta kopo kubwa zaidi. Mwambie fundi apime kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), kwa sababu huenda ringi zimechoka.