Si Kiboko, Alikuwa Kamongo

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi inayozunguka kwenye magrupu, eti kiboko amenivua suruali ziwani, naomba na mimi niseme. Kwanza, hapakuwa na kiboko. Ingekuwa kiboko, saa hizi msingekuwa mnacheka, mngekuwa mnachanga. Pili, suruali yangu haikuvuliwa na mnyama yeyote. Niliivua mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na nina sababu zangu.

Jamaa aliyerekodi hiyo voisi namhifadhi jina. Tulikuwa naye mtumbwi mmoja, alikuwa na kafi mkononi, na badala ya kunipa lile kafi alikuwa anacheka. Voisi imetoka jana jioni, leo asubuhi nimepigiwa simu kutoka Sengerema naulizwa naendeleaje na mguu. Mguu upo. Yote miwili.

Sasa. Shemeji zangu wamekuja kututembelea hapa Mwanza kutoka Dar, kaka mkubwa wa mke wangu pamoja na mdogo wao wa mwisho. Huyu kaka mkubwa amezaliwa Kigamboni, na kwake yeye maji ni bahari tu. Tangu ashuke kwenye basi, ziwa letu, Ziwa Victoria zima, analiita bwawa. "Shem, hili bwawa lenu lina upepo mzuri." Nikavumilia. Juzi nikawapeleka kisiwa cha Saanane, nikijua wakiona hifadhi ya taifa iko hapo hapo mjini watanyamaza. Nikawaeleza jinsi kisiwa kilivyobeba jina la mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale, na kwamba hifadhi ilipandishwa hadhi mwaka 2013. Wakaona swala, wakaona pimbi wamejianika juu ya mawe. Ila Saanane ina kilomita za mraba 2.18, visiwa pamoja na maji yake. Tukazunguka, tukarudi tulipoanzia, shemeji akaniangalia: "Imeisha?"

Hapo ndipo lilipoanzia suala la Luchelele. Rubondo, kile kisiwa kingine cha hifadhi humu ziwani, ingemmaliza kabisa, kule kuna sokwe, tembo na twiga, lakini Rubondo na mfuko wangu hawajawahi kuelewana. Luchelele kuna mzee namfahamu, ana mtumbwi wa mbao na ametega migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, kandokando ya mafunjo. Nikaona tutavua kidogo, tutaona ndege, kenge, na shemeji ataacha maneno.

Tukafika mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, mapema. "Mwangaluka, baba," mzee akatupokea, akatugawia jaketi okozi, akatoa sheria moja tu: ndani ya mtumbwi mtu hasimami. Jaketi langu halikufunga mbele kwa sababu ya hali halisi ya tumbo langu, nikalivaa wazi kama koti. Nikakaa katikati, kwenye ubao wa kiongozi wa msafara, ingawa kafi alikuwa nalo jamaa na akili zote alikuwa nazo mzee.

Nisiwe mchoyo, asubuhi ilikuwa nzuri. Tai mla samaki alikuwa juu ya mti mkavu, kichwa cheupe, akapiga ule ukelele wake shemeji mdogo akaanza kurekodi. Mdiria alisimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki hata kidogo, kisha akajiachia chini puu, akatoka na dagaa. Kwenye mawe kenge anaota jua. Na mbele kidogo tukaona fisi maji wawili, vichwa vinaibuka na kuzama, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi shemeji mkubwa akasema "duh." Mimi nikavimba.

Mzee akaanza kuvuta migonzo. Ndoano za kwanza chambo kimeliwa, zimebaki tupu. Iliyofuata, kambare wa kawaida. Halafu kamba ikawa nzito, mzee akasema taratibu, "huyu ni mwenyewe," na akaibuka kamongo, mrefu kama hatua ya mtu mzima, mwili wa madoadoa. Mzee akampiga rungu mbili za kichwa, akamnasua ndoano, akamtupa ndani. Alipotua ni katikati ya miguu yangu.

"Shem, huyo si nyoka?"

Swali hilo, ndugu zangu, ndilo lililonimaliza. Mtu akiniuliza swali kuhusu ziwa, mimi siwezi kujibu kwa kifupi. Nikawaambia huyo ni samaki, ila ana mapafu. Lazima apande juu avute hewa, ukimzuia majini anakufa maji, samaki mzima. Jamaa zake kule kwenye mabwawa yanayokauka wanajichimbia kwenye tope, wanajifunika ute wao, wanalala hadi mvua irudi. Ukimtoa majini hafi upesi hata kidogo. Yaani nilikuwa naeleza kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba hafi upesi, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Tukaendelea. Kamongo ametulia, hatikisiki, nikamsahau. Nikahamia kwenye ziwa lenyewe, maana neno "bwawa" lilikuwa bado linanikereketa. Nikasema shemeji, hapa ulipo ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000, hakuna ziwa la maji baridi linalolizidi kwa eneo Afrika nzima. Sangara unaemuona hotelini Dar hakuwa wa humu, aliletwa miaka ya 1950, akawafagia furu wetu, wale samaki wadogo wa asili. Nchi tatu zinagawana maji haya, nikaanza kuhesabu kwa vidole: Tanzania asilimia 51...

Nikahisi baridi kwenye kifundo cha mguu. Nikajua ni maji, mtumbwi wa mbao lazima uvuje, ndiyo maana kuna lile dumu lililokatwa la kukumbia.

"...Uganda asilimia 43..."

Pindo la suruali likavutwa. Si kwa nguvu. Taratibu, kwa adabu, ungedhani ni mtoto anamwita baba yake aliye kwenye mazungumzo ya watu wazima. Na mimi nikafanya kile kile baba anachofanya, nikautingisha mguu bila kuangalia chini.

"...na Kenya..."

Likavutwa tena. Nikaangalia.

Naomba niseme kuhusu macho ya kamongo. Ni madogo sana, na yako mbali na mdomo, kiasi kwamba huoni hasira yoyote. Alikuwa ananitazama kwa utulivu wa mtu aliyelala, akaamka, akaagiza chai. Pindo halikuonekana, lilikuwa limeshaingia mdomoni pamoja na suruali kama kiganja kimoja juu yake, na ile taya, wadau, kamongo hana meno ya kuchoma choma, ana vibamba vya kusagia, akifunga amefunga. Nikavuta. Akavuta. Tukaangaliana. Halafu akajipinda mwili mzima, mkia ukanichapa ugokoni.

Nikapiga kelele: "MAMBAAA!"

Nimeulizwa sana kwa nini mamba, wakati dakika chache nyuma nilikuwa nimetoa semina nzima ya kamongo. Sijui. Mdomo ulichagua wenyewe. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mtumbwi mwingine wa wavuvi wawili pembeni, wametulia zao na nyavu, na waliposikia lile neno waliondoka kwa kasi ambayo hata injini ya boti ingeomba wasubiriane. Nyavu wakaziacha.

Na nikasimama.

Mzee: "Kaa chini!" Shemeji mdogo: "Shem!" Jamaa, nasikitika kusema, tayari anacheka. Mtumbwi ukalala kushoto. Nikaegemea kulia. Ukalala kulia, na mimi nikiwa bado nimeegemea kulia. Shemeji mkubwa, mtu wa bahari, akaruka kunikamata, akalikamata jaketi barabara kwa mikono miwili. Kumbukeni halikufungwa. Likabaki mikononi mwake, mimi nikatoka ndani yake kama nimevuliwa koti na mhudumu wa hoteli kubwa, nikaenda kwenye gugu maji kwa mgongo.

Gugu maji si maji na si nchi kavu. Huzami vizuri na huelei vizuri. Nilikuwa nimekaa humo hadi kifuani, mizizi imenizunguka kila mahali, ua moja la zambarau liko sikioni (picha ipo, shemeji mdogo ameahidi kuifuta, hajaifuta). Na mguuni bado nina mgeni. Ndani ya mtumbwi tulikuwa tunalingana nguvu. Sasa mwenzangu karudi kwao. Akaanza kuondoka, kuelekea chini, bila haraka, na mguu wangu, na mimi nikifuata.

Hapo akili ikafanya kazi mara moja tu kwa siku ile. Nikawaza: huyu hanitaki mimi, anataka suruali. Nikafungua mkanda. Kifungo kikagoma. Mzee juu ananiambia "mwache, ataachia mwenyewe," lakini mzee alikuwa anaongea kutoka kwenye mtumbwi. Kifungo kikakubali. Zipu. Nikainua makalio kutoka kwenye mizizi, suruali ikateleza, ikapita magotini, ikapita miguuni pamoja na kandambili, na majani ya gugu maji yakatikisika kwenye mstari ulionyooka kuelekea kwenye mafunjo. Kisha yakatulia. Kaki, kiuno 38, mpya.

Kunipandisha mtumbwini mzee alikataa, akasema tutapinduka wote. Nikashika nyuma, wakanikokota hadi mwaloni. Jumapili hiyo, watoto wanaogelea, kina mama wanaanika dagaa, na wale wavuvi wawili wameshafika na kutangaza mamba, kwa hiyo kijiji kizima kiko ufukweni. Shemeji mdogo akanitupia kanga yake, nikajifunga upesi, na waliokuwa nyuma yangu wakaanza kusoma kwa sauti: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nyumbani mke wangu aliuliza jambo moja tu, lini nakwenda kupima kichocho. Nitakwenda.

Shemeji mkubwa sasa halisemi tena lile neno la bwawa, hilo nimelishinda. Ila usiku tukiwa mezani, kimya, watu wanakula ugali na sato, akaweka tonge chini.

"Shem, ile Kenya ilipata asilimia ngapi?"

Sita. Kenya ina asilimia sita. Na mwenye voisi aiongezee hilo kama anataka kuwa mwandishi wa habari.

Mwisho, hili ni tangazo na si utani. Mfukoni mwa ile suruali mlikuwa na ufunguo wa pikipiki yangu, na pikipiki hadi sasa iko Luchelele chini ya mwembe. Yeyote mwenye migonzo upande ule, ukimvuta kamongo mwenye kaki, nyama ni yako, supu ni yako, hata suruali chukua kama inakutosha. Ufunguo mpe mzee wa mtumbwi. Yeye ananijua, siku hizi wote kule wananijua.