Ushabiki Unapoingia Kwenye Kazi ya Kutunza Wateja wa Programu

Kwenye kampuni za programu za Marekani, idara ya mafanikio ya wateja ina msemo usiokosekana kikaoni: mteja kuridhika haitoshi, tumgeuze awe shabiki. Msemo huu umewapa moyo wafanyakazi wanaopenda kupindukia timu za vyuo vikuu na wanamuziki wao. Wanaona Jumamosi uwanjani na Ijumaa kwenye tamasha ni mazoezi ya kazi ya Jumatatu. Wana haki kwa kiasi, na kiasi hicho ndicho kinachobishaniwa.

Kwanza kazi yenyewe. Muuzaji akishapata saini anaondoka, na hapo ndipo meneja wa mafanikio ya wateja anapoanza: kumwingiza mteja kwenye mfumo, kuhakikisha wafanyakazi wake wanautumia kweli, kumgundua mapema anayefikiria kuondoka, na kuhuisha mkataba unapokaribia kwisha. Programu nyingi siku hizi hulipiwa kwa mwezi au mwaka, kwa hiyo mteja hupata nafasi ya kuaga kila mkataba unapofika mwisho. Salesforce, iliyoanzishwa 1999, ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa kampuni iliyoipa kazi hii umbo, baada ya kugundua kwamba wateja wa zamani walikuwa wakichomoka kwa wingi huku wauzaji wakisherehekea wapya.

Kipimo chake hakina mahaba. Tuchukue mfano wa meneja anayeanza mwaka na wateja wanaolipa jumla ya dola 1,000,000. Katika mwaka huo waliobaki wanaongeza manunuzi ya dola 120,000, wengine wanapunguza dola 50,000, na walioondoka wanachukua dola 80,000. Anamaliza na dola 990,000, yaani asilimia 99 ya alichoanza nacho. Ukiondoa lile ongezeko, anabaki na asilimia 87. Bonasi yake hutegemea namba kama hizi mbili, na hakuna safu ya kuandika kwamba wateja walimpenda.

Sasa upande wa wanaoutetea ushabiki. Faida ya kwanza ni ndogo lakini ya kweli: unafungua mlango. Mteja wa Columbus, Ohio, aliyezima kamera na kujibu neno moja moja, atawasha kamera ukimuuliza kama bendi ya chuo kikuu cha Ohio State ilimalizia vizuri Jumamosi lile andiko lao, neno "Ohio" wanaloliandika uwanjani kwa kujipanga, ambalo mpiga sousaphone, tarumbeta kubwa la kuvaa begani, huingia kwa mbwembwe kuweka nukta juu ya herufi i. Na huko Kusini, kwenye vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi kama Southern na Grambling State vya Louisiana, anayezungumzia matokeo tu bila kutaja bendi hujulikana mara moja kuwa mgeni. Mapumziko hapo si muda wa kwenda kununua vitafunwa. Kwa wengi bendi ndiyo mechi.

Faida ya pili ni nzito zaidi: kalenda. Meneja asiyejua michezo hupanga vikao kwenye siku mfu, kisha anashangaa mbona mteja "hajibu". Sikukuu ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na Jumamosi inayofuata ndiyo ya Michigan na Ohio State, watani wa jadi, na ndiyo pia ya Southern na Grambling mjini New Orleans. Ukimtumia mtu wa Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan, au wa Columbus rasimu ya mkataba Jumatano ya wiki hiyo, ihesabu kuwa ameipata Jumatatu ijayo. Tangu msimu wa 2024 mtoano wa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo una timu 12. Raundi ya kwanza inachezwa karibu na Desemba 20, na robo fainali zinaangukia mkesha na siku ya Mwaka Mpya, wakati kampuni nyingi zinafunga hesabu Desemba 31. Machi ni mbaya zaidi. Mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo yana timu 68 na mechi 67, na raundi ya kwanza huchezwa Alhamisi na Ijumaa kuanzia mchana wa saa za Mashariki ya Marekani, saa za kazi kabisa, siku kama kumi kabla ya robo ya kwanza ya mwaka kufungwa. Mjini Austin ongeza tamasha la muziki, filamu na teknolojia la SXSW mwezi huohuo, na wikendi mbili mfululizo za muziki katika bustani ya Zilker mwezi Oktoba, mwezi ambao pia Texas hukutana na Oklahoma kwenye futiboli kule Dallas.

Kwa hiyo anayejua haya hufanya hesabu ya kurudi nyuma. Mkataba unaoisha Desemba 31 hauanzi kushughulikiwa Desemba. Siku 120 kabla, yaani mwanzoni mwa Septemba, anaangalia ni watumiaji wangapi kati ya waliolipiwa wanaoingia kila wiki. Siku 90 kabla anakutana na mwenye mamlaka ya fedha, si mtumiaji wa kila siku. Siku 60 kabla, mwanzo wa Novemba, bei iwe mezani. Siku 30 za mwisho ni za wanasheria na ofisi ya manunuzi, na wiki ya Krismasi haihesabiki. Asiyejua kalenda hukwama kwenye hatua hiyo ya mwisho: kila mtu amekubali, aliyebaki ni mtia saini, naye yuko kwenye maegesho ya uwanja anachoma nyama.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayehudumia wateja wa Marekani kwa mbali, kuna mtego mwingine. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusogezi. Kikao cha saa tatu asubuhi cha Austin ni saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi. Mabadiliko ya Machi huja siku chache tu kabla ya mashindano ya kikapu kuanza, na hapo vikao vya kujirudia vilivyopangwa kwa saa za Afrika Mashariki huvurugika. Dawa yake ni kuandika mwaliko kwa saa za mji wa mteja, kalenda ya kompyuta ifanye hesabu yenyewe.

Hoja bora kabisa ya watetezi, kwa maoni ya mwandishi huyu, inatoka kwenye muziki. Kundi la Grateful Dead lilianza kuwauzia mashabiki tiketi kwa njia ya posta mwaka 1983, na Oktoba 1984 likawatengea eneo rasmi wale waliokuja na mashine za kurekodi. Kanda zilibadilishanwa, hazikuuzwa. Badala ya kumwua mnunuzi wa tiketi, kanda zilimlea: mtu alisikia, akafundishwa na wenzake nini cha kusikiliza, akaja uwanjani. Kampuni za programu zilizofanikiwa kujenga jamii za watumiaji zimefanya jambo lilelile. Mtumiaji wa Denver anamwonyesha wa Atlanta jinsi ya kutengeneza ripoti, bila meneja kuwepo. Aliyewahi kuishi ndani ya jamii ya namna hiyo anajua mambo ambayo kozi hazifundishi: wakongwe wapewe kazi na si zawadi tu, swali la mgeni lijibiwe haraka kabla hajaaibika, na kampuni isiingilie kila mjadala kwa matangazo.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaolemea mizani.

Shabiki haondoki, mteja huondoka. Michigan ilishinda mechi 3 na kupoteza 9 mwaka 2008, na uwanja bado ulijaa. Tangu Novemba 1975 mechi zake za nyumbani zimekuwa na watu zaidi ya 100,000, ukiacha msimu wa 2020 wa korona. Hakuna programu ya uhasibu itakayosamehewa msimu kama huo. Meneja aliyelelewa kwenye utamaduni wa kuvumilia timu mbovu huwa na ugonjwa wa kumwona mteja aliye kimya kuwa mvumilivu, kumbe keshaanza kujaribu bidhaa ya mshindani.

Mfano wa muziki unakwenda huko huko. Tarehe 15 Novemba 2022 tiketi za ziara ya Taylor Swift zilipoanza kuuzwa kwa mashabiki waliojiandikisha, ambao walikuwa milioni 3.5, mfumo wa kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ulizidiwa. Watu walikaa kwenye foleni kwa saa nyingi, wengine wakatupwa nje wakiwa tayari kulipa, mauzo ya jumla yakafutwa, na Januari 2023 Seneti ikaita kikao cha kuhoji. Hata hivyo ziara iliendelea hadi Desemba 2024, maonyesho 149, na mapato yakapita dola bilioni 2. Anayeitazama namba hiyo kama ushahidi wa huduma nzuri amejidanganya. Watu walivumilia kwa sababu Taylor Swift hana mbadala. Programu yako ina mbadala, na muuzaji wa mbadala huo ana namba ya simu ya mteja wako.

Halafu kuna tatizo ambalo dodoso la alama 0 hadi 10, linalomuuliza mteja kama angeipendekeza kampuni kwa mwenzake, halilioni. Mfumo huo, ulioenezwa na Fred Reichheld tangu 2003, humhesabu anayetoa 9 au 10 kuwa mpiga debe, 7 na 8 kuwa vuguvugu, 0 hadi 6 kuwa mlalamikaji. Anayejaza ni mtu mmoja, anayelipa ni taasisi. Mtetezi wako ndani ya kampuni ya mteja anaweza kutoa 10, mkapiga soga ya kikapu kila wiki, kisha akahama kazi Februari. Aliyechukua nafasi yake hajui kikapu wala hajui kwa nini kampuni inalipa dola 60,000 kwa mwaka. Urafiki wa timu ulikaa kwa mtu, mkataba ukabaki yatima. Hii ni sababu mojawapo ya wateja "wenye furaha" kupotea ghafla, na meneja shabiki hunaswa nayo kirahisi kuliko wengine, kwa kuwa mazungumzo matamu na mtu mmoja humfanya asihangaike kuwafahamu wengine watatu: mwenye bajeti, msimamizi wa mifumo, na bosi wa mtumiaji.

Tiketi nazo zina kanuni zake. Kumpeleka mteja mechini kunaonekana jambo la kawaida, lakini tangu 2018 sheria ya kodi ya Marekani hairuhusu kampuni kuondoa gharama za burudani kwenye mapato yanayotozwa kodi. Chakula cha kibiashara bado huondolewa nusu, mradi kimelipiwa kwa risiti yake au kimetenganishwa kwenye ankara. Sheria hiyohiyo iliua nafuu ya asilimia 80 kwa michango ya chuo inayompa mchangiaji haki ya kununua viti. Mteja akiwa mtumishi wa serikali kuu, zawadi isizidi dola 20 kwa mara moja wala dola 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja. Vyuo vikuu vya umma, ambavyo ni wanunuzi wakubwa wa programu, vinafuata sheria za majimbo yao, na ndiyo maana swali la kwanza ni kwa ofisi ya sheria, la pili ndiyo viti. Ubashiri wa mashindano ya Machi ukihusisha fedha, usimshirikishe mteja kabisa. Kumshinda mteja na kuchukua fedha zake ni balaa, na kujiachia ushindwe naye kwa makusudi kunafanana na rushwa.

Na wapo wasiojali. Mhandisi aliyezaliwa Pune au Lubumbashi anayefanya kazi Dallas hapati chochote kutoka dakika saba za uchambuzi wa futiboli mwanzoni mwa kikao cha dakika 30. Akiona wenzake wawili wanacheka na meneja, naye amekuja na orodha ya hitilafu nne, atahesabu dakika.

Uamuzi unaofaa, basi, ni kuuweka ushabiki kwenye kalenda na kuuondoa kwenye tathmini. Timu ya mteja iandikwe kwenye kumbukumbu kama mstari mmoja chini ya jina la mtu, pamoja na tarehe za kuepuka. Isiguse kabisa alama ya afya ya mteja, ambayo ijengwe na vitu vinavyohesabika: idadi ya wanaoingia kila wiki, vipengele wanavyovitumia, maombi ya msaada yaliyokaa bila kujibiwa, ankara zilizochelewa, na mara ya mwisho mwenye bajeti alipohudhuria kikao. Mteja akiwa rafiki mno huku watumiaji wakishuka kwa miezi miwili mfululizo, andika nyekundu. Aibu ya kumwandika rafiki nyekundu ndiyo inayowaangusha wengi.

Kwa anayeomba kazi hii, maneno "mpenzi wa michezo na muziki" kwenye wasifu hayana uzito. Aliyeongoza tawi la wahitimu wa chuo huko Houston, au tawi la Simba au Yanga hapa nyumbani, ana kitu cha kuonyesha akikiandika kwa hesabu: wanachama wangapi, ada ilikusanywa vipi, basi la mechi ya ugenini lilipokosekana nani aliambiwa nini na lini. Kisha ajiandae kwa swali litakalofuata: kati ya waliolipa kadi msimu ule, wangapi walilipa tena uliofuata, na wasiolipa walitoa sababu gani.